Kwanza Ujue Kilichoiua

Tangazo huwa fupi. Picha tatu zilizopigwa jua likizama, bei, namba ya simu, na maneno mawili yaliyonitoa hela kuliko maneno yoyote niliyowahi kusoma kwenye simu: sevisi ndogo. "Mashine kali bosi, inahitaji sevisi ndogo tu."

Chenso (msumeno wa injini) ya kwanza niliyonunua kwa njia hiyo ilinifikia Mafinga ikiwa ndani ya kiroba, kwenye buti la basi. Ilikuwa Stihl 038 ya zamani, pistoni yake imekwaruzika vibaya upande mmoja. Nikaagiza pistoni mpya na ringi zake, nikafunga, ikaunguruma hadi majirani wakatoka nje kuangalia. Tangi la kwanza likaisha salama. Katikati ya tangi la pili sauti ikapanda yenyewe bila mimi kugusa kitu, ikawa kali kama ya nyigu, halafu kimya. Nilipofungua sailensa nikakuta pistoni mpya imekwaruzika palepale ilipokwaruzika ya zamani. Kilichoiua ya kwanza kilikuwa bado mle ndani: sili ya krenki, kipande cha mpira cha ukubwa wa sarafu, ilikuwa inavuta hewa.

Tangu siku hiyo sinunui spea hata moja kabla sijajua mashine ilikufa kwa sababu gani. Na wewe nakuomba ushike hilo kwanza, mengine yote yatakaa juu yake.

Ipi uitafute

Chenso, au pawa soo kama wanavyoiita ndugu zetu wa Kenya, ni injini isiyo na oili yake yenyewe. Inalainishwa na oili unayochanganya kwenye petroli, na inapozwa na upepo wa feni yake. Ndiyo maana ni nyepesi, na ndiyo maana inakufa haraka mtu akiikosea kidogo tu. Habari njema ni kwamba zile za zamani zilijengwa kwa boliti na chuma, hivyo fundi mwenye spana chache na subira anaweza kuifungua yote mezani na kuirudisha.

Spea ndizo zikuchagulie mashine, wala usianze na bei. Huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Sao Hill hadi Njombe, utakutana sana na Stihl 070, lile zee la sentimita za ujazo 106. Ni mzao wa Contra, mashine ambayo Stihl waliitoa mwaka 1959 ikazungusha mnyororo moja kwa moja bila giaboksi. Linapasua mbao siku nzima na spea zake zinapatikana. Lakini ni zito, linatetemesha mikono hadi usiku unapolala, na mengi hayana breki ya mnyororo. Kama hupasui magogo makubwa, huna sababu ya kuteseka nalo. Kwa kuangusha mipaini na mikaratusi, 038 na wadogo zake MS 380 na MS 381, hao wawili wakiwa na sentimita za ujazo 72, zinatosha kabisa. Upande wa Husqvarna, 272 na 372 ni za daraja hilohilo na mafundi wengi wanazijua. Ukikuta McCulloch au Homelite ya babu wa mtu kwa bei ya kutupa, ipendezeshe sebule yako, maana kabureta yake na ringi zake utazitafuta hadi Marekani.

Kuna feki pia. 070, MS 381, 372, zote zina ndugu wa kuigiza waliotengenezwa kwa rangi ileile na jina lilelile kwenye stika. Sisemi feki haikati, nimeona zinazokata. Nasema ilipwe kama feki. Stihl halisi ina namba yake yenye tarakimu 9 iliyogongwa kwenye bodi, na jina la kampuni huwa limeyeyushwa pamoja na chuma kwenye vipande vingi vya ndani, si stika tu ya juu. Muombe muuzaji picha ya namba hiyo. Akikuambia imefutika, mshukuru umwache aende. Namba iliyosagwa kwa tupa ina maana moja tu, na hutaki kuielezea polisi. Mashamba ya miti yanaibiwa mashine.

Kabla hujatuma hela

Muuzaji anakuonyesha anachotaka ukione, kwa hiyo kazi yako ni kuuliza picha asiyoituma. Tangazo likiwa na picha tatu zote za upande wa kamba, omba upande wa klachi. Omba picha ya vichwa vya skrubu kwa karibu: skrubu zilizotafunwa na bisibisi zinakuambia mashine imepita mikono ya fundi wa kubahatisha, na pengine nyuzi za bodi ya magnesiamu zimeshakatika. Omba picha ya chujio la hewa likiwa limefunguliwa. Chujio lililochanika au lisilokuwepo ni habari mbaya kuliko rangi iliyobanduka, kwa sababu vumbi la mbao limekuwa likisaga silinda kama msasa. Rangi mpya kwenye mashine ya zamani inanitia wasiwasi zaidi ya kutu. Mtu hapaki rangi bila kuwa na kitu cha kufunika.

Kisha mwombe afungue sailensa. Ni boliti mbili au tatu, dakika tano. Nyuma yake kuna tundu la eksozi, na ndani ya tundu unaiona pistoni yenyewe. Avute kamba taratibu, amulike kwa tochi ya simu, apige picha. Hii picha moja ina thamani kuliko zote. Muuzaji anayejua mashine yake ni nzima ataituma. Anayesema "hiyo kazi ya fundi, bosi" amekujibu tayari.

Kama anadai inawaka, taka video. Video yenyewe ianze kwa yeye kushika sailensa kwa kiganja, ndipo avute kamba. Nilijifunza hili kwa kuchelewa. Chenso mbovu inaweza kuwaka vizuri ikiwa imeshapashwa moto na kugoma ikiwa baridi, na kuna watu wanaoipasha nusu saa kabla ya kurekodi. Mwambie pia ataje jina lako na siku ya leo kwenye video hiyo, ili ujue haikupakuliwa kwa mtu mwingine.

Jaribio jingine anaweza kulifanya hata kama mashine haiwaki. Swichi ikiwa imezimwa, ashike kishikio cha kamba, ainue, aiache chenso ining'inie kwa uzito wake. Yenye kompresheni itashuka kwa kusitasita, kituo hadi kituo, kama mzee anayeshuka ngazi. Iliyokwisha itateremka kama ndoo kisimani. Zile zenye kitufe cha kupunguza kompresheni, kitufe kiwe kimetoka nje, vinginevyo jaribio linadanganya.

Kuhusu hela: usitume zote kwa simu kwa mtu ambaye hujawahi kumwona, hata akiwa na lugha tamu kiasi gani. Mtafute jamaa, shemeji, dereva wa bodaboda, yeyote aliye kwenye mji huo, akaishike mashine, afanye jaribio la kamba mbele ya muuzaji, ndipo mlipane. Muandikishane: majina, namba ya kitambulisho, namba ya mashine, bei, tarehe, sahihi. Karatasi hiyo utaihitaji siku utakapokwenda ofisi ya misitu kuulizia usajili na vibali, jambo ambalo ulifanye kabla ya kuingia nayo msituni. Na isafirishwe bila petroli kwenye tangi. Basi limebeba watu.

Piga hesabu kwenye karatasi kabla ya kukubali bei. Pistoni na ringi, sili mbili, gasketi, vifaa vya ndani vya kabureta, mpira wa mafuta, chujio, plagi, sproketi, upanga na mnyororo. Upanga nikimaanisha kile chuma kirefu kinachobeba mnyororo. Watu husahau kwamba upanga na mnyororo mpya peke yake ni hela nzito, wanafurahia mashine ya bei rahisi halafu wanakuja kukopa.

Mezani

Imefika. Usiiwashe. Najua mkono unawasha, lakini mashine yenye kipande cha ringi kilichovunjika ndani inaweza kumaliza silinda kwa mivuto kumi ya kamba. Toa plagi kwanza, kisha safisha mashine yote kwa brashi na petroli ukiwa nje penye hewa, mbali na sigara na jiko.

Ikiwa imekamata na kamba haivutiki, mimina mafuta ya taa kidogo kwenye tundu la plagi, ilaze usiku kucha. Kesho yake izungushe kwa mkono kwenye magneti, taratibu, mbele na nyuma. Ukiivuta kamba kwa hasira utakata springi na hutajua kitu.

Shika magneti kwa vidole, ijaribu kuitikisa juu na chini. Ikicheza, beringi za krenki zimekwisha, na kuzibadili lazima upasue bodi katikati. Kazi hiyo inafanyika, ila kwa chenso yako ya kwanza nakushauri uigeuze kuwa spea za nyingine. Kucheza kidogo kwa kwenda kushoto na kulia hakuna neno.

Sasa fungua sailensa, halafu kabureta, uitazame pistoni pande zote mbili. Hiki ndicho cheti cha kifo cha mashine, na kimeandikwa wazi ukijua kukisoma.

Mikwaruzo ya wima upande wa eksozi, huku upande wa kabureta ukiwa safi: injini ilipata hewa nyingi na mafuta kidogo, ikachemka. Ama kuna mahali panavuja hewa, ama mtu alibana skrubu za kabureta ili "ipate spidi", ama chujio la mafuta lilikuwa limeziba. Mikwaruzo pande zote, pistoni imekauka na kung'aa kama bati: iliendeshwa kwa petroli tupu isiyo na oili. Hii ndiyo maiti ninayoipenda, samahani kwa lugha, kwa sababu kosa lilikuwa la mtu, wala haliko ndani ya mashine; ukibadilisha kilichoharibika hakuna kitu kitakachokuvizia. Upande wa kabureta umelika na kupoteza rangi, kama umepigwa msasa: vumbi lilipita kwenye chujio la hewa. Na kichwa cha pistoni kikiwa na vijishimo vilivyogongwagongwa, kuna chuma kilichokatika kikapita humo, ringi au kikombe cha beringi, na huna budi kukitafuta mpaka ukipate.

Andika ulichokiona. Bado usiagize pistoni.

Silinda, na asidi

Ondoa silinda. Ndani imepakwa utando mgumu sana, na mara nyingi kile kinachoonekana kama mikwaruzo yake ni aluminiamu ya pistoni iliyoyeyuka ikagandia juu ya utando huo. Pitisha ukucha. Ukucha ukipanda juu ya kitu, hiyo ni aluminiamu na silinda huenda ikapona. Ukucha ukizama kwenye mfereji, utando umepasuka na hakuna dawa, nunua silinda.

Aluminiamu hiyo inatolewa kwa asidi ya haidrokloriki, ileile wanayouza ya kusafishia vigae na vyoo. Vaa glavu na miwani, kaa nje. Chovya kijiti chenye pamba, paka kwenye doa tu. Itatoa mapovu, mapovu ni aluminiamu ikiliwa. Futa, osha kwa maji, sugua kidogo kwa msasa laini, rudia hadi mapovu yaishe. Utando wenyewe hauliwi haraka kama aluminiamu. Tahadhari iko kwenye kingo za matundu ya eksozi na ya kuingizia mafuta, ambako aluminiamu ya silinda iko wazi: asidi ikifika hapo itakula chini ya utando na kuuinua kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Na usifanye kazi hii silinda ikiwa bado imefungwa kwenye bodi, maana magnesiamu haina urafiki na asidi hata kidogo.

Pistoni mpya ina mshale juu yake. Mshale uelekee eksozi. Kwenye mfereji wa ringi kuna kipini kidogo, na ncha mbili za ringi zikae pande mbili za kipini hicho; ukiilazimisha silinda bila kuangalia, ringi inakatika na unarudi dukani. Klipu za pini ya pistoni zisirudiwe, weka mpya, midomo yake ikielekea juu au chini. Kwa mashine za zamani naamini zaidi pistoni za Meteor na ringi za Caber, zote za Italia, kuliko zile za boksi jeupe lisilo na jina. Tofauti ya bei ipo. Ilipe.

Pale hewa inapopita

Hapa ndipo niliposhindwa na ile 038, kwa hiyo vumilia nikae kidogo.

Injini hii huvuta mafuta na hewa kupitia chini, kwenye chumba cha krenki, kisha ndipo vinapanda juu ya pistoni. Kwa hiyo chumba cha krenki lazima kishike hewa kama tairi. Hewa ikiingia kwa njia nyingine yoyote, mchanganyiko unakosa mafuta, na mafuta ndiyo yenye oili. Njia zinazovujisha ni sili mbili, moja nyuma ya magneti na nyingine nyuma ya klachi, gasketi ya silinda, mpira unaounganisha kabureta na silinda, na ule mrija mwembamba unaopeleka mapigo ya krenki kwenye kabureta. Raba ya miaka 20 hukauka hata kama mashine ilikuwa imetundikwa ukutani.

Mafundi wa kampuni wana pampu maalumu. Mimi natumia kipimo cha presha ya damu, kile cha kubonyeza kwa mkono. Kata vipande viwili vya tyubu ya baiskeli, kimoja kizibe tundu la eksozi chini ya sailensa, kingine kizibe mahali pa kabureta, plagi ikiwa imefungwa. Unganisha mrija wa kipimo kwenye tundu la mapigo ya krenki, pandisha polepole hadi milimita 300. Huo ni mgandamizo mdogo, chini kidogo ya nusu ya ule wa hewa inayotuzunguka, na unatosha. Mshale ukisimama dakika nzima, vizuri. Ukishuka, paka maji ya sabuni kila mahali na utafute mapovu. Usitumie pampu ya tairi kwa haraka haraka. Utazirusha sili nje.

Kuna ujanja wa sili ambao uliwahi kunidanganya: mdomo wake umeumbwa kuzuia kinachotoka. Ukisukuma hewa ndani inajibana vizuri na kufaulu mtihani, lakini mashine ikivuta, mdomo unafunguka. Mtihani kamili ni wa kunyonya pia. Kama huna cha kunyonyea, na mashine ina umri wa kuitwa mzee, badilisha sili zote mbili bila ubishi. Ni miongoni mwa spea za bei ndogo kwenye orodha yako.

Ili kuzifikia lazima uondoe klachi na magneti, na krenki haitakuacha kwa sababu itazunguka navyo. Usiifungie kwa chuma. Ingiza kipande cha kamba laini chenye fundo kupitia tundu la plagi, baada ya kuhakikisha pistoni imeshapanda na kufunika tundu la eksozi, ili kamba isikatwe hapo. Klachi ina nyuzi za kinyume: inafunguka ukizungusha upande ambao boliti nyingine zinakaza. Nimewaona vijana wenye nguvu wakiikaza saa nzima.

Moto na mafuta

Moto wa plagi ni rahisi. Hauonekani? Chomoa waya wa swichi kwenye koili kabla hujanunua koili. Mara nyingi waya umechubuka na kugusa bodi, na mashine imekuwa ikizimwa muda wote. Koili ikae mbali na magneti kwa unene wa kadi ya jina, milimita 0.2 hadi 0.3. Uwazi wa plagi ni milimita 0.5.

Kabureta, iwe Walbro, Tillotson au Zama, ina ngozi nyembamba ambazo zikikauka zinakuwa kama karatasi. Badilisha zote, badilisha mpira wa mafuta na chujio lake ndani ya tangi, puliza matundu kwa hewa, usiyachokoe kwa waya. Skrubu mbili za H na L, zile zisizo na kizuizi, zifunge hadi zigote taratibu, kisha fungua mzunguko mmoja kila moja. Hapo ni pa kuanzia tu.

Mafuta yanastahili maneno makali kidogo. Kipimo cha kizibo cha chupa kwa kukisia ndicho kimeua chenso nyingi kuliko miti yote iliyoziangukia. Stihl wenyewe wanasema mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli kama ni oili yao, na 40 kama ni oili nyingine ya injini za namna hii. Kwa mashine iliyofufuliwa, na kwa oili tunazouziwa, mimi naweka 40 na sijutii moshi. Oili ya gari hapana. Oili ya boti pia hapana, hata kama injini ya boti nayo inachanganyiwa. Ile inapozwa na maji. Petroli nunua kwenye kituo kinachouza sana. Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 kwa sababu ya wachakachuaji, lakini petroli ya kwenye chupa kando ya barabara hujui imepita wapi, na mafuta ya taa ndani ya petroli hugonga pistoni kama nyundo.

Mnyororo

Hadi mwaka 1946 minyororo ya misumeno ilikuwa na meno ya kukwaruza, mfano wa msumeno wa mkono. Mkata magogo wa Oregon, Joseph Cox, akaona kiwavi wa mdudu akila mti kwa kuparaza kushoto na kulia, akamwigiza kwa chuma, na mnyororo wake ukaingia sokoni 1947. Wa kwako leo ni mjukuu wa kiwavi yule. Kila jino lina kisu, na mbele yake kijipembe kinachopima kisu kiume kiasi gani. Wanoaji wengi wananoa kisu na kusahau kijipembe, halafu wanalalamika mashine inatoa unga badala ya chenga.

Ukiagiza mnyororo usitaje urefu wa upanga tu. Hesabu meno ya chini, yale yanayoingia kwenye mfereji wa upanga. Pima umbali wa ribiti tatu zinazofuatana, gawanya kwa mbili, utapata hatua: inchi 3/8, 0.325 au 0.404. Hatua ya 0.325 inanolewa kwa tupa ya duara ya milimita 4.8, 3/8 kwa 5.2 au 5.5 kutegemea mtengenezaji, 0.404 kwa 5.5. Kwa kukata gogo, kisu kiwe na nyuzi 25 hadi 30. Kwa kupasua mbao kwa urefu, nyuzi 10. Kijipembe kiwe chini ya kisu kwa milimita 0.65 hivi. Na usivalishe mnyororo mpya sproketi iliyochimbika nusu milimita, utazeeka ndani ya wiki moja.

Kuwasha

Kabla ya yote, sukuma breki ya mnyororo mbele, jaribu kuuzungusha kwa mkono uliovaa glavu. Ukizunguka, haiwashwi. Angalia kidaka mnyororo chini ya klachi, na kifuli cha mafuta kwenye mshikio wa nyuma. Vitu hivi wauzaji hupenda kuving'oa kwa kuwa "vinasumbua". Vaa buti, miwani, kizuia masikio, na suruali nzito kama huna ile maalumu. Ncha ya juu ya upanga isiguse kitu chochote. Ikigusa, mashine yote inaruka nyuma kuelekea shingo yako kabla hujasema neno.

Iweke chini, kanyaga mshikio wa nyuma, vuta. Ikishika, iache ipate moto dakika chache. Ikiwa imetulia mnyororo usitembee. Igeuze ubavu huu na ubavu ule: mlio ukibadilika, au ukiachia mafuta na mlio ukachelewa kushuka, zima, rudi kwenye maji ya sabuni. Mlio wa mafuta yote bila mzigo uwe wa kugugumia kidogo, kama mtu mwenye kwikwi, na ukiingiza upanga kwenye gogo kigugumizi kipotee. Mlio mtamu, mwembamba, usio na kwikwi ndio unaowapendeza watazamaji na kuunguza pistoni. Fungua H kidogo.

Matangi matatu ya mwanzo usiiungurumishe bila mzigo. Kata magogo madogo, pumzika, kata. Tangi la kwanza likiisha iache ipoe kabisa, toa sailensa, mulika tena. Kwenye ubavu wa pistoni mpya kuna mistari midogo ya mlalo iliyoachwa na mashine ya kiwandani. Kama bado unaiona upande wa eksozi, funga, jaza tangi la pili, na likiisha ufungue tena. Ile 038 ninayo hadi leo, sili mpya, pistoni ya tatu, na sailensa yake nimeitoa mara nyingi hadi boliti zimelegea mdomo. Mwezi uliopita nilizibadilisha.